Pengo Rafuni

Jina lake nililiandika mimi, mara ya kwanza,
nikakosea: Ausi Chitanga.
Akainua kidole kama yuko darasani. "Ni Chitanda, bwana karani."
Hakimu akacheka. Nikakwangua kwa wembe, nikaandika upya.
Alikuwa na miaka kumi na sita, akasema kumi na minane
ili asimame kizimbani kama mwanamume.

Kilichoibwa: kurunzi moja, betri mbili, kioo kimepasuka.
Mlalamikaji: Mfaume Mkadimba, mlinzi wa ghala la ushirika,
aliyekuja na koti lake la mvua, jua la Oktoba linachoma.
"Huyu namjua tangu yuko mgongoni kwa mama yake," alisema.
"Nataka kurunzi yangu tu. Usiku ghalani kuna panya."
Onyo. Nikagonga muhuri.

Ndivyo wanavyoanza, watu husema.
Lakini nimekaa Kitangari miaka kumi na tisa,
nimeona walioanza na kurunzi
na leo wanauza maandazi stendi, wanakurudishia chenji kamili.
Sijui. Sitaki kusema najua.

Msimu ulipoingia akawa mtu wa kangomba,
akipita usiku kwenye nyumba zenye njaa
kununua korosho zingali maua mtini,
kwa kopo lililogongwa tako kwa nyundo
ili limeze zaidi ya linavyoonekana.
Faini alilipa mama yake, Bi Somoe,
sarafu kwa sarafu juu ya meza yangu, nyingine bado zina unyevu.
Anauza maji kwa ndoo, huku juu ambako maji hupandishwa kwa jasho.
Nilizihesabu mara mbili. Ilikuwa kazi yangu.

Kisha baiskeli ya nesi wa zahanati. Miezi sita, Newala.
Alirudi amejaa mabega, sauti imeshuka,
akaniamkia kwa jina langu
na kuuliza mwanangu wa pili anasoma shule gani.

Kisha panga.
Lukasi Nampemba, dereva wa bodaboda, nyuzi kumi na moja mkononi,
ugomvi wa nauli ya elfu mbili.
Jalada nililifungua asubuhi.
Jioni mjomba wa Ausi akapita uani kwangu
na kilo tatu za korosho zilizobanguliwa, nyeupe kama meno ya mtoto.
Hakuomba chochote. Alisema tu,
"Karani, mchwa mwaka huu ni wengi."
Nikasema, "Wengi."
Mke wangu alizikaanga kwa chumvi.
Lukasi alikuja mara tatu, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni.
Mara ya tatu nilimwambia arudi Jumatatu.
Jumatatu hakuja.

Kesi ya kuua haisikilizwi kwetu.
Hupandishwa gari, huanzia Newala, huishia Mtwara.
Kwa hiyo nilisikia sokoni, kama wewe:
ilikuwa usiku wa kuamkia mnada, magunia yamepangwa hadi kenchi,
mlinzi akammulika usoni, akamtaja kwa jina.
Wanasema hapo ndipo alipokosea mzee, kumtaja.
Eti angekaa kimya.
Kurunzi waliikuta chini, bado inawaka,
kioo kimepasuka palepale,
mwanga wake umelala kwenye kona wanakopita panya.

Leo amekuja askari kijana, kofia mkononi,
anataka kumbukumbu zote za Ausi Chitanda.
Nimemshushia jalada la kwanza. La pili. La tatu.
Vumbi likampigisha chafya, nikamwambia pole.
Akapitisha kidole kwenye daftari la usajili,
kwenye mwandiko wangu, mzuri, umelala kulia.
"Na hili la nne, namba mia moja na saba?"
Kati ya mia moja na sita na mia moja na nane
kuna nafasi ya upana wa kidole.

"Mchwa," nilisema.

Akaigonga rafu kwa kifundo cha kidole,
taratibu, kama mtu anayebisha hodi.
Ililia. Ni ya chuma.